Kinanda cha Shemeji Kilichonyamaza

Mimi ni mtu wa kushuku. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kujilaumu. Ni tabia niliyozaliwa nayo, na kazi ya kutengeneza redio ikainoa. Mteja akiniletea redio na kusema "imezima yenyewe tu, fundi," mimi kwanza namtazama mikono. Redio haizimi yenyewe. Kuna mtoto aliyeimwagia chai, kuna mjomba aliyeifungua kwa kisu kutafuta watu wanaosemea ndani, kuna mke aliyeirusha ukutani kwa sababu ambayo haitatajwa mbele ya fundi. Miaka ya sabini, ile ya mwisho mwisho, nilikuwa na kibanda changu Uyole kando ya barabara kuu. Malori yalikuwa yakipita na kutikisa redio rafuni, nami niliamini kwamba ugonjwa wa kifaa huanzia kwa mwenye nacho.

Kwa hiyo siku mdogo wangu wa kike aliposhuka kwenye basi la Iringa akiwa na mzigo mrefu uliofungwa kwa blanketi na kamba ya katani, na nyuma yake mwanamume nisiyemjua akiwa ameshika ncha ya pili ya mzigo kama anayeogopa utakimbia, nilishuku kabla ya salamu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mumeo yuko wapi?"

"Amebaki nyumbani."

"Na huyu?"

"Huyu ametumwa," alisema, akaangalia pembeni.

Yule bwana alinipa mkono. Alikuwa mtu wa makamo, Mhehe, mpole wa sauti, na midomo yake ilikuwa na alama katikati kama ya kidonda cha zamani. Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi anayopiga shemeji yangu. Kamati ya bendi ilimtuma aje kulinda kinanda wakati kinatengenezwa. Nikamuuliza anakilinda na nani. Akasema bila haya, "Na wewe, ndugu fundi. Usinielewe vibaya."

Nilimwelewa vizuri kabisa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Shemeji yangu alikuwa mpiga kinanda wa bendi ya shirika moja pale Iringa. Mwalimu mmoja Mzungu, alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao, aliiachia bendi hiyo kinanda cha umeme cha ajabu. Hakikuwa kama vile vya kanisani. Kilitoa sauti moja tu kwa wakati mmoja, lakini sauti hiyo ungeweza kuigeuza kwa vifundo vya kuzungusha vilivyojaa usoni pake ikawa filimbi, ikawa nyuki, ikawa ng'ombe anayelia bondeni. Watu walipanda kutoka Ipogolo hadi mjini, mlima wote ule, kuja kusikiliza tu ng'ombe wa shemeji. Hakuna mwingine aliyekiweza. Na kwa kuwa ukumbi wa bendi ulikuwa hauna kufuli la maana, kamati ilimkabidhi yeye akiweke nyumbani kwake.

Kisha bendi ikaenda ziara ya Songea wakati wa mvua. Kinanda kikaachwa Iringa, kwa sababu barabara ya kule ingekivunja mbavu. Waliporudi na kukichomeka kwenye umeme, taa yake nyekundu iliwaka kama kawaida, ila sauti hapana. Kimya. Walibadilisha waya, walibadilisha spika, wakakipiga makofi ubavuni. Kimya.

Ndipo maneno yakaanza. Ilisemekana shemeji ameuza utumbo wa kinanda kwa bendi moja ya Mbeya, inayopiga Iyunga, ambayo nayo ilisemekana imepata sauti mpya. Na kwa nini Mbeya? Kwa sababu kaka wa mkewe ni fundi redio Mbeya. Ukitazama vizuri utaona kwamba kesi ilikuwa imeshakamilika, na mimi ndiye niliyekuwa dalali. Kamati iliamua kwamba kinanda kiletwe kwangu, mlinzi akiwepo, na mimi nikifungue mbele yake. Kikikutwa kimepungukiwa chochote, shemeji atafukuzwa bendi, atatoka kwenye nyumba ya shirika, na polisi watamalizia. Kikikutwa kizima ndani, yaishe. Nadhani walitaka pia kuona uso wangu utakavyokuwa.

Sasa niseme la moyoni. Mimi mwenyewe nilimshuku shemeji. Nilimshuku tangu siku ya posa. Yeye ni mtoto wa mjini, ukoo wa wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani, viatu vinang'aa hata siku ya matope, maneno laini. Wajomba zetu walipotaja mahari, alikubali kila kitu bila kubishana. Mtu asiyebishania mahari ana jambo. Nao shangazi zake kwa upande wao hawakutupenda. Walisema kijana wao ameenda kuokota msichana wa milimani anayenuka kuni. Kila upande ulimshuku mwenzake, na ndoa ikafungwa hivyo hivyo, wali ukaliwa, watu wakacheza.

Jioni ile mdogo wangu alinifuata nyuma ya nyumba nilikokuwa nachanja kuni. Aliongea kwa lugha yetu, ili mgeni aliyekuwa anakunywa chai kibarazani asidake neno.

Alisema, "Kaka, mume wangu anajua kitu. Tangu arudi Songea hanitazami usoni. Nikiuliza habari ya kinanda, anasema achana nayo. Siku moja nimerudi sokoni nikamkuta ananawa mikono, ananawa, ananawa. Nikamuuliza umeshika nini. Akasema hakuna."

"Unadhani ameuza?"

"Kuna mwimbaji wa kike kwenye ile bendi ya Mbeya. Sijui. Ukikuta vitu vimetolewa, niambie mimi kwanza kabla ya yule bwana. Mimi Iringa sitarudi."

Alisema hivyo huku anakusanya vipande vya kuni vilivyoruka. Niliumia. Nilikuwa nimesubiri miaka nimkute shemeji na kosa, na sasa kosa lilipokaribia kuonekana sikulitaka tena. Ila nilimwahidi.

Asubuhi tukaanza. Mpiga tarumbeta alikaa kwenye stuli upande wa pili wa meza, akaomba sinia. Mke wangu akampa lile la chai. Akasema kila nitakachotoa, hata kiwe kidogo namna gani, nikiweke kwenye sinia hilo, na akalifunika kwa kawa ya kufunikia chakula. Hakufanya mzaha. Alipokwenda chooni alikwenda na sinia, kawa juu, majirani wakimtazama kama mwali anayepeleka chakula kwa mkwe. Nilicheka peke yangu, lakini nilimheshimu kidogo. Ningekuwa yeye, ningefanya vile vile.

Sikuwahi kukifungua kifaa kama kile, na michoro yake haikuwepo. Lakini umeme ni umeme. Hata kama hujui nyumba, unaweza kufuata bomba la maji kutoka mtoni. Nilikigeuza kifudifudi kwenye blanketi ili nitoe skrubu za chini, na hapo ndipo nilipoona. Skrubu zote zilikuwa ndefu, nyeupe, za namna moja, isipokuwa moja pembeni. Ile ilikuwa fupi, nyeusi, kichwa kipana. Na vichwa vya zile nyingine vilikuwa vimekwaruzwa na bisibisi isiyo saizi yake.

"Hiki kimefunguliwa," alisema mpiga tarumbeta.

Mwenye macho haambiwi tazama. Niliichomoa ile nyeusi nikaiweka kwenye sinia, na mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasogea akainama juu yake.

"Hii yangu," alisema.

"Yako vipi?"

"Ya cherehani yangu. Inakaa pale kwenye kile kibati cha sindano. Niliitafuta wiki nzima, nikamgombeza mama jirani kwamba watoto wake wameichukua. Mpaka leo hatusalimiani."

Lori lilipita, redio zikatikisika rafuni. Kwa hiyo kinanda kilifunguliwa nyumbani kwa shemeji, kwa mkono wa shemeji, kwa siri, skrubu moja ikampotea na akaiba ya mkewe kufunika. Mpiga tarumbeta alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuja kutafuta na hakukifurahia. Mdogo wangu alirudi mlangoni akatugeuzia mgongo.

Nilifungua kwa hasira. Nilitaka nione pengo ili nijue moja.

Pengo sikuliona. Ndani mlikuwa na mabamba ya saketi yamepangwa kwa adabu, na kila kitu kiko mahali pake, lehemu zote za kiwandani, hakuna iliyoguswa. Lakini macho hudanganya. Mtu anaweza kutoa kizima akaweka kibovu cha kufanana. Nikachukua mita. Fyuzi nzima. Transfoma inatoa umeme kama inavyopaswa. Umeme unafika kwenye mabamba yote. Nilikiunga na spika yangu, nikagusa njia ya mwisho ya kutokea sauti kwa ncha ya bisibisi, na spika ikanguruma. Basi mlango wa kutokea ulikuwa mzima. Ugonjwa ulikuwa ndani zaidi.

"Sasa unafanya nini?" aliuliza mlinzi wangu.

"Narudi nyuma," nilimwambia. "Namtafuta wa mwisho anayesema kweli."

Nilikuwa na kifaa nilichojitengenezea kutoka redio iliyokufa, kispika kidogo chenye waya mrefu wa kudokolea. Ukigusisha waya mahali penye sauti, kispika kinaisema. Nikaanza kudokoa kutoka mlangoni kwenda ndani. Kimya. Nikasogea bamba la pili. Kimya. Mpiga tarumbeta alikuwa ameacha kuegemea. Nikagusa bamba la mwisho kabisa, lile lenye vifundo vya kugeuza sauti, na kibanda chote kikajaa mlio.

Ulikuwa mlio mmoja mrefu, mnene, usiopumua. Nikageuza kifundo ukawa mwembamba kama filimbi. Nikageuza kingine, na ng'ombe yule wa bondeni akalia mezani pangu Uyole, ndani ya kispika cha redio ya mkulima. Mdogo wangu aligeuka. Mpiga tarumbeta alivua kofia.

"Kumbe kiko hai," alisema.

"Kiko hai, na muda wote kilikuwa kinalia. Hakijaibiwa kitu."

Nilipaswa kufurahi, lakini shaka haikuisha, ilihama tu. Kama sauti inazaliwa na mlango wa kutokea ni mzima, basi kuna mahali katikati inazuiwa. Nilifuata njia yake hadi nikapakuta. Palikuwa na kama lango linalofunguka pale tu mtu anapobonyeza kibonye, na lile lango halikupata habari. Nilibonyeza vibonye kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata kimoja kilichopeleka ujumbe. Kibonye kimoja kikifa, ni ajali. Vyote kwa pamoja, ni mkono wa mtu. Nikamwambia mpiga tarumbeta hivyo, maana kinywa changu hakijui kungoja.

Nikainua safu ya vibonye.

Kilichonifikia kwanza ni harufu. Nimezeeka sasa na pua imechoka, lakini ile harufu naijua hata nikiwa usingizini. Ilikuwa harufu ya jiko la mama yetu. Chini ya kila kibonye kuna kijiwaya chembamba kama unywele, ambacho ukibonyeza kinagusa fimbo ndefu ya chuma. Vijiwaya vyote na fimbo yote vilikuwa vimevaa masizi, meusi, yenye mafuta mafuta, yanayonata kwenye kidole. Umeme ule mdogo usingeweza kupita hapo hata kwa kusihiwa.

Nikamwita mdogo wangu. Nikamuuliza kwa Kiswahili, nikasahau kabisa ahadi yangu ya kumwambia faragha, "Wakati bendi iko Songea, hiki kinanda kilikaa wapi?"

Uso wake ulichangamka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi.

"Nilikitunza vizuri sana, kaka. Wasije wakasema mimi. Ile nyumba ya shirika inavuja, chumbani kuta zimeota ukungu, na wezi walikuwa wanapita mtaa mzima. Nikajisemea, hiki kitu cha watu, kikiharibika itakuwaje? Nikakiviringisha kwenye kitenge, nikakiweka juu, kwenye uchaga. Si unajua, kule mama alikuwa anaweka mbegu."

Watu wa nyanda zetu hawahitaji kuelezwa. Wengine niwaambie. Juu ya mafiga, jikoni, tunatengeneza uchaga wa fito. Moto unapowaka chini, moshi unapanda na kukausha kilicho juu. Hapo ndipo hukaa mahindi ya mbegu, maharage ya mbegu, kila kitu ambacho familia haiwezi kukipoteza. Mdudu hagusi, unyevu haugusi, mwizi hafikirii. Mama yetu aliweka hapo hata vyeti vyetu vya ubatizo. Mdogo wangu alipoolewa mjini, ambako watu walipikia mkaa, alijenga jiko dogo la kuni uani na uchaga wake juu, na shangazi wa mumewe walikuja kulitazama mmoja mmoja na kuondoka wakicheka. Yeye hakujali. Sasa bendi ilipomwachia kitu cha thamani kuliko vyote vilivyowahi kuingia nyumbani kwake, akakipa nafasi ya heshima. Akapika chini yake ugali na maharage hadi mumewe aliporudi kutoka Songea.

Mpiga tarumbeta alikuwa anatazama chini. Mhehe yule alijua uchaga ni nini kama nilivyojua mimi. Nadhani alikuwa amejua tangu harufu ilipotoka.

Nilikuwa bado nimeinama na tochi. Ndipo nikaona jambo jingine. Pembeni, kwenye ncha ya ile fimbo ya chuma, pale ambapo vidole vinaweza kufika bila kuondoa safu ya vibonye, masizi yalikuwa yamefutwa. Palikuwa na michirizi ya kitambaa, ikienda na kurudi, ikakoma pale mkono uliposhindwa kupita. Mtu alifungua, akaona, akanusa, akajaribu kufuta, akashindwa, akafunga.

Nikakumbuka habari ya kunawa mikono.

Nilimwita mdogo wangu aje aone mwenyewe. Alitazama masizi. Alitazama michirizi. Alipitisha kidole chake juu ya fimbo, kikatoka cheusi, akakinusa.

"Hii ni ya kwangu," alisema polepole. "Jiko langu."

"Ndiyo."

"Ni moshi ndio umekiua?"

"Umekiziba tu. Hakijafa."

"Na yeye aliona." Hakuuliza. "Alifungua akaona. Ndiyo maana skrubu."

Alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya kibanda, kanga ikamwanguka begani. Kulia hakulia. Alikuwa anarudi nyuma, siku baada ya siku, kama nilivyorudi mimi na kispika changu. Mumewe alikuwa ameitwa mwizi mbele ya wenzake. Alikuwa amesikia kwamba atapoteza kazi na nyumba. Na alichotakiwa kusema ni neno moja tu, kwamba mkewe amekianika kinanda juu ya moto kama mahindi, na kesi ingeisha kwa kicheko. Kicheko hicho ndicho alichokikataa. Kingekwenda moja kwa moja kwa shangazi zake, nao walikuwa wakikingoja tangu siku ya harusi. Hakumwambia hata mkewe, asije akaona haya ndani ya jiko lake.

Mpiga tarumbeta alikohoa. "Ndugu fundi," alisema, "barabara ya Iringa ina vumbi. Mimi nitawaambia ni vumbi. Kinanda kimeingiwa na vumbi, kimesafishwa, basi. Nani atabisha?"

Ilikuwa fadhila kubwa, nami nilikuwa tayari kuipokea kwa mikono miwili. Lakini mdogo wangu aliinua kichwa.

"Na skrubu?"

Mpiga tarumbeta akalitazama sinia lake.

"Wewe umetumwa kutazama, na skrubu umeiona. Utawaambia au utaficha?"

"Nitawaambia. Nimeapa mbele ya kamati."

"Basi watasema alifungua kuiba, akaogopa akarudisha. Vumbi halitamwondolea wizi mume wangu." Alisimama akajifunga kanga kiunoni. "Kasafishe, kaka. Maneno nitayasema mimi."

Kusafisha kulikuwa kazi ya subira tu. Dawa za madukani hazikuwepo miaka ile, hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Nilikwenda kwa seremala jirani, akanimiminia spiriti anayochanganyia rangi ya kung'arishia makabati. Nilifuta masizi kwa pamba, kijiwaya kimoja kimoja, nikipumua taratibu nisivipinde. Kisha nikasugua fimbo kwa raba ya shule, ile ya kufutia penseli, mpaka chuma kikang'aa. Mdogo wangu alishika tochi. Mpiga tarumbeta, bila kuombwa, aliacha sinia lake akaanza kunikatia pamba. Nilipokirudisha na kubonyeza, kibonye cha kwanza kilikwaruza kama mtu anayesafisha koo, halafu kikaimba.

Nilisafiri nao kwenda Iringa. Nilijiambia nakwenda kuhakikisha kinanda hakitikisiki ndani ya basi, lakini nilitaka kuona. Kamati ilikaa mchana ukumbini, viti vimezungushwa, shemeji amesimama peke yake karibu na jukwaa na viatu vyake vinavyong'aa. Alipomwona mkewe anaingia mbele ya mzigo alibadilika rangi. Mpiga tarumbeta akasema aliyoyaona kwa mpangilio, hakuongeza, hakupunguza, na alipofika kwenye skrubu watu walianza kuguna. Ndipo mdogo wangu akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Nilikiweka kwenye uchaga, juu ya moto. Sikujua. Kimejaa moshi wa jiko langu. Mume wangu alifungua akaona, akaficha kosa langu."

"Si hivyo," shemeji alidakia. "Mimi ndiye niliyekabidhiwa. Kosa ni langu, sikumwelekeza."

"Wewe umeshanyamaza vya kutosha," mkewe alimwambia.

Kisha mmoja akacheka, wa pili akaziba mdomo, na ukumbi ukapasuka. Walicheka mpaka mpiga ngoma akajifuta machozi. Mmoja akauliza kama kinanda kimeiva au kiongezwe kuni. Mwenyekiti wa kamati, akipambana na uso wake, alisema shauri limekwisha na ndugu arudi kazini kwake. Shemeji hakucheka. Alimtazama mkewe tu, na mimi nilimtazama yeye, na kwa mara ya kwanza sikumwona na jambo.

Wenye maneno hawakungoja hata jua liegemee. Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwao, habari ilikuwa imetutangulia. Karibu na bomba la maji shangazi wawili wa shemeji walikuwa wamesimama na ndoo zao, na mmoja akamwita mdogo wangu kwa jina jipya, la uchaga na moshi, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Wanawake wengine bombani wakalirudia na kuangua kicheko.

"Abee," aliitika mdogo wangu, akawasalimu wote kwa heshima, akapita.

Mimi damu ilinichemka. Nilimwambia nitarudi pale bombani niwape vidonge vyao. Shemeji alikuwa nyuma yetu amebeba kinanda begani. Mdogo wangu alinishika mkono wa shati.

"Waache, kaka," alisema. "Wakiniita mimi hivyo, yeye hawamwiti mwizi."